Yah: Breka mlizonibadilishia bila kuniuliza, na dharau ya kaunta yenu

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Umeme,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Oda mnayo, profoma mliitoa wenyewe, risiti ya EFD ninayo. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa umebandikwa ukutani kwenu, sina haja ya kuwasomea.

Niliagiza breka nane za C20 za soketi, zikaja C32 (namba ni ampea; herufi huonyesha breka inavumilia mshtuko wa umeme kiasi gani kabla ya kukata papo hapo). C10 sita za taa zilikuja C10 kweli, lakini oda ilisema ziwe za kukata shoti ya ampea 10,000, na kwenye kile kiboksi kidogo usoni mwa breka pameandikwa 6000. D16 ya fezi tatu ya pampu imekuwa B16. RCCB mbili, zile za kukata umeme unapovuja, za miliampea 30 zimegeuka 300. Vifaa 17, hakuna hata kimoja kilicholingana na karatasi.

Nilipozirudisha, kijana wenu wa kaunta alichukua C32 moja, akaipandisha na kuishusha mara tatu mbele ya foleni, ka, ka, ka, kisha akasema: "Mzee, breka ni breka. Si inapiga hii?"

Naomba basi nimjibu kupitia kwako. Breka ya C32 inaruhusiwa kubeba mara 1.13 ya namba yake, yaani ampea 36, saa nzima bila kukata. Soketi zangu zina waya wa mm 2.5 ndani ya bomba, juu ya dari ya bati. Waya huo hauna ubavu wa ampea 36. Utaunguza ganda lake taratibu huku breka imetulia, maana breka iko pale kwa ajili ya waya; friji na pasi si kazi yake. Kijana akaongeza eti "joto la Dar linaangusha breka, ndiyo maana tunapandisha". Ni kweli breka hizi zimepimwa kwa nyuzi 30, na ndani ya bodi iliyojaa joto hupita hapo, zikakata mapema. Lakini waya nao uko kwenye joto hilohilo! Dawa ni kuziachia nafasi ndani ya bodi au kupandisha waya, na hilo hupigiwa hesabu kabla, haliamuliwi kaunta.

Pampu ni ya kilowati 5.5. Inatembea na ampea kama 11, ila ikiwaka inavuta hadi mara saba, yaani 77. B16 hukata papo hapo kati ya ampea 48 na 80. D16 husubiri hadi 160. Fundi aliifunga ile B16 asubuhi wapangaji wapate maji, ikajikata kila pampu ilipowashwa. Siku nzima ya fundi imekwenda.

Na hiyo 6000. Transfoma ya kVA 315 iko mita 30 kutoka kwenye bodi. Mdomoni mwake shoti inafika ampea 11,000. Ukitoa upinzani wa waya, bodini bado inazidi 7,000. Breka ya 6000 ikikutana na hiyo inaweza kupasuka badala ya kukata.

Narudia, maana bado linaniwasha. Yule kijana alipokuwa akiichezea breka, msimamizi wake alikuwa pembeni akihesabu noti. Nilimwonyesha kile kiboksi. Hakuinua hata kichwa. Alicheka, akasema, "Elfu sita hiyo mzee, unataka nini zaidi?" Foleni nzima ikacheka naye. Kisha akanisukumia RCCB za 300 juu ya meza kwa kidole kimoja, akasema tofauti ni sifuri tu. Sifuri hiyo ndiyo mtu mwenyewe: ya 30 humwokoa aliyeshika hita yenye hitilafu bafuni, ya 300 ni ya kuzuia moto.

Nilikuja nikitaka kubadilishiwa tu. Sasa nataka vifaa vyote 17 kama vilivyo kwenye oda, vikaguliwe mbele yangu kimoja kimoja, na mlipe siku ya fundi. Kama 10,000 hamna, semeni hamna, mnirudishie fedha yote, na msimamizi aniombe radhi palepale kaunta, foleni ikiwepo.

Nawapa siku tatu za kazi. Zikipita, sitaki tena kubadilishiwa: nataka fedha yangu, na breka hizi na karatasi zake nazipeleka Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani, zikiwa bado na stika zenu za bei. Namba yangu ya simu iko kwenye profoma.

Mteja wenu,
Mkandarasi wa umeme, Tabata.