Shoga, kabla hamjapanda ndege piteni kwanza shuleni kwa Rehema

Mama Rehema shoga yangu,

Za siku nyingi, za nyumbani, bibi mguu unaendeleaje? Sisi wazima, wape shikamoo wakubwa wote nisije nikamtaja mmoja nikamruka mwingine ikawa kesi ya ukoo. Najua nimekaa kimya mno, hizi zamu za usiku zinammaliza mtu, unarudi asubuhi unalala kama gogo ukiamka wenzio huko mshalala. Ila Mama Salha kaniambia viza zimetoka na mnataka kufika kabla ya Agosti, nikasema hapa lazima niandike, tena niandike sio voisi, maana voisi utaisikiliza mara moja ukiwa na mambo yako jikoni afu basi imeenda.

Ni habari ya shule ya Rehema. Baba Rehema alinitumia meseji ndefuuu anauliza shule za kulipia za huku Columbus, Ohio, zikoje kwa sababu hawezi kumtoa mtoto Tanga akamleta Marekani kuja kusoma shule ya serikali. Sijamjibu, nikimjibu yeye itakuwa mjadala, nakuambia wewe utajua pa kumshika. Shule ya serikali huku sio kayumba. Watoto walio wengi kabisa wanasoma hizo hizo, wa daktari na wa mfagiaji, ada hakuna, hela inatoka kwenye kodi ya majengo wanayolipa wenye nyumba wa eneo lenu na serikali ya jimbo na kidogo serikali kuu. Ndio maana nazo hazilingani! Mtaa wenye nyumba za bei shule inakuwa na maabara kama chuo, mtaa mwingine hali ya kawaida tu, na mtoto anaenda shule kulingana na anuani mnayoishi. Kwa hiyo mkitafuta nyumba ya kupanga mnatafuta na shule hapohapo, mwambie Baba Rehema hiyo hela ya ada anayoiwazia aiongeze kwenye kodi ya nyumba itamsaidia zaidi. Siku ya kuandikisha mnapeleka mkataba wa nyumba au bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo. Habari za makaratasi ya uhamiaji hazihusu, Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua tangu 1982 kwamba mtoto hanyimwi shule kwa sababu hiyo. Nyie mnakuja na viza ya kuhamia hamna shida, ila nasema kwa sababu najua yule shemeji yako atawatisha.

Sasa kilichonifanya nikae chini ni makaratasi ya SHULE. Shoga nisikilize hapa.

Unamjua kijana wa Mama Salha, yule wa kichwa. Alikuja hana kitu, picha ya ripoti kwenye simu tena imekatika upande. Kaunsela wa ile shule akamtazama, hajui Form Two ni mnyama gani, akamweka darasa la 9 na Aljebra 1. Mtoto akawa anapata mia kwa mia huku anasinzia, mama anafurahi, kumbe mwaka unapotea. Na huyo kaunsela wala simwiti mbaya, ana mamia ya watoto wa kuwapangia ratiba, karatasi haipo yeye afanyeje, anakuweka chini ili awe salama. Ukishawekwa chini kupanda ni vita.

Hesabu zenyewe hizi hapa: msingi miaka 7, Form One na Two miaka 2, jumla 9. Kwa hiyo Rehema kamaliza la 9, anatakiwa aanze la 10, na hiyo nusu ya Form Three aliyofikia sasa ni faida juu. High school yao ni la 9 mpaka la 12, miaka minne. Akirudishwa la 9 atamaliza mtu mzima kabisa, wenzie wa Tanga nao wameshamaliza Form Six.

Afu jambo ambalo hata makaunsela wengi hawalijui: sisi hesabu tunasoma mchanganyiko, aljebra kidogo, jiometri kidogo, seti, takwimu, kila mwaka tunaongeza. Wao wamezikata vipande, mwaka mmoja Aljebra 1, mwaka mwingine Jiometri, mwingine Aljebra 2, afu Prikalkulasi, afu Kalkulasi kwa wanaofika. Unakumbuka logi alizotutesa nazo mwalimu wetu yule wa viatu vya kupiga kelele? Zile tulisoma Form Two. Huku wanazikuta Aljebra 2! Trigonometri nayo vilevile, tulishaanza. Lakini kwenye ripoti nyingi imeandikwa "Basic Mathematics" tu, kaunsela anaona neno "basic" anasema ahaa huyu wa mwanzo. Sayansi pia, huku wengi wanachukua moja moja, mwaka huu baiolojia mwaka kesho kemia, wetu wa mchepuo wa sayansi wanabeba zote tatu kwa pamoja miaka minne. Rehema ana fizikia kemia na baiolojia za miaka miwili na nusu mgongoni, hizo ni krediti, yaani masomo yanayohesabiwa ili uhitimu, asizitupe.

Kwa hiyo naomba, tena nakuomba kweli, kabla shule hazijafungwa Juni nenda kwa mwalimu mkuu. Ripoti za mihula yote kuanzia Form One, zenye muhuri na sahihi, nakala zaidi ya moja, moja ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri juu. Matokeo ya mtihani wa taifa wa Form Two, ule wa NECTA. Na mwombe kila mwalimu wa somo, hasa wa hesabu, aandike karatasi moja ya mada alizofundisha, kwa Kiingereza, muhuri chini. Hiyo karatasi ya mada ndiyo itakayozungumza pale mezani kuliko maksi. Na barua pepe ya shule, ili wakitaka kuhakikisha waandike. Usikubali "nitawatumia mama", unajua yatakayotokea.

Haya, wanasomaje. Futa kichwani habari ya divisheni. Hakuna mtihani mmoja wa mwisho unaoamua maisha. Kila somo unalolimaliza unapata krediti, na jimbo la Ohio linataka krediti 20 angalau ili uhitimu: Kiingereza 4, hesabu 4 na Aljebra 2 au inayolingana nayo iwemo, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, nusu ya afya, nusu ya mazoezi, na 5 za kuchagua. Shule nyingine zinaongeza za kwao. Humohumo kuna na nusu ya elimu ya fedha siku hizi, ambayo Baba Rehema angekaa nayo darasani yeye haha. Mitihani ya jimbo ipo ila ni ya kuonyesha uwezo, ile ya Aljebra 1 na Kiingereza unatakiwa alama 684, ukikosa unarudia na zipo njia nyingine. Kinachohesabiwa hasa ni A, B, C za kila siku zinazokusanywa kuwa GPA, yaani wastani wa maksi zako, juu kabisa kwa kawaida ni 4.0. Homuweki inahesabiwa, kwizi inahesabiwa, kuchelewesha kazi kunahesabiwa. Watoto wetu waliozoea kulala mwaka mzima afu kukesha Oktoba huku wanaumia, mtoto mwenye akili kabisa anapata C kwa sababu hakutuma asainimenti kwenye kompyuta. Mwanangu na akili zake zote huyo, tumegombana kweli.

Na madarasa yana ngazi. Somo moja hilohilo lipo la kawaida, lipo la "honors", lipo la AP. AP ni ngazi ya chuo, mtihani unafanyika Mei, maksi ni 1 mpaka 5, na ukipata 3 kwenda juu vyuo vya umma vya Ohio vinakupa krediti. Afu kuna kitu kinaitwa College Credit Plus, yaani mtoto bado yuko sekondari anasoma kozi ya chuo kweli, akiwa shule ya serikali na chuo cha umma ada halipi, vitabu halipi. Shoga hiki kitu ni dhahabu! Kuna watoto wanamaliza high school wakiwa na mwaka mzima wa chuo mfukoni. Ila ina meno, akifeli ile F inakaa kwenye rekodi ya chuo maisha, na shule inaweza ikawadai gharama. Na fomu ya nia inapelekwa mapema, wakati hata hujawaza. Nani atakuambia? Hakuna. Vitu vyote vipo vimebandikwa mahali, anayeuliza anapewa, asiyeuliza anapangiwa darasa jepesi na kila mtu anatabasamu. Ndicho kinachoniudhi na nchi hii, wanatabasamu mno.

Fomu ya kuandikisha itauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Andikeni Kiswahili, msidanganye. Watu wanaandika Kiingereza wakiogopa mtoto atawekwa ESL, lile darasa la wanaojifunza Kiingereza, sasa akikwama hana msaada. Atapimwa, kasoma sekondari kwa Kiingereza kwa hiyo sioni akikaa huko muda mrefu, na hata akiwekwa bado ana haki ya kuingia AP, ESL sio gereza. Na nyie wazazi mna haki ya mkalimani kwenye vikao bure, shule inalazimika. Wewe Kiingereza unacho lakini kuna siku ya kusema kwa ukali, siku hiyo omba mkalimani useme kwa Kiswahili chako chote. Kingine kizuri, kuna mhuri wanaubandika kwenye diploma kwa anayejua lugha mbili, na Kiswahili kipo kwenye lugha zenye mtihani wake. Rehema huo anauchukua amefumba macho.

Mambo ya nje ya darasa ni mengi mpaka kizunguzungu. Klabu ya roboti, midahalo, maigizo, bendi ya matarumbeta, serikali ya wanafunzi, na ile National Honor Society ya wenye GPA nzuri na huduma kwa jamii, iko tangu 1921 na vyuo vinaijua. Mwambie tu Rehema netiboli hakuna, nimeulizia watu wananiangalia kama nimesema kitu cha mwezini. Basketi, voliboli, riadha, vyote vya wasichana vipo na vinapewa uzito, kuna sheria ya 1972 ya kutowabagua. Apimwe kwanza na daktari, na maksi zikishuka anakaa benchi, hapo nawapenda. Mwingine anayependa kazi za mikono anaweza kwenda nusu siku kituo cha ufundi akasomea uuguzi msaidizi, umeme, upishi, na bado ni mwanafunzi wa high school yuleyule. Wa kwetu wanadharau, wanasema ufundi ni wa waliofeli, mimi naona wanapishana na ajira.

Basi la njano usilitegemee sana, Ohio hawalazimiki kumbeba mtoto wa high school, kila wilaya ya shule na maamuzi yake, ulizeni. Chakula cha shuleni, jazeni ile fomu ya kipato ya kukipata bure au kwa bei nafuu hata kama Baba Rehema anaona aibu, ukikubaliwa inafungua na mambo mengine kama msamaha wa ada za mitihani. Na akifika la 12, Oktoba inafunguliwa FAFSA ya kuomba hela ya chuo, kwa makaratasi yenu mtaruhusiwa kuijaza. Hilo tutafika, la 12 ni mbali.

Narudi palepale, usinichoke. Mkifika mkapewa ratiba msisaini siku hiyohiyo. Ombeni Rehema apewe mtihani wa kupimwa hesabu, waambieni "we want a placement test", hivyohivyo kwa maneno hayo, na mimi nikiwa sina zamu nakuja kukaa na nyie pale mezani na karatasi zetu. Wakisema la 9 tunaomba sababu kwa maandishi. Mama Salha naye anataka kuja, nimemwambia akija asilie.

Sasa niambie, hiyo tarehe ya ndege ni lini hasa, maana shule nyingi huku zinafungua katikati ya Agosti? Rehema hesabu alipata ngapi Form Two, usinifiche? Bado anataka udaktari au amehamia kwenye hayo mambo ya kompyuta? Chanjo kadi mnayo au iliungua na vile vingine? Mwalimu mkuu ni yuleyule wa zamani au mpya, maana yule wa zamani namfahamu dada yake anaweza kutusukumia? Na Baba Rehema nimjibu nini, au utamsomea hii, ukimsomea ruka pale pa elimu ya fedha.

Wako,
Mama Ima