Kaka, maombi hayakuwa mahali pa kumsema

Kaka yangu,

Umeandika kwenye grupu la familia kwamba nimevunja madhabahu ya Baba na Mama, na kwamba kila nyumba inaomba kivyake ndiyo maana baraka zimetukimbia. Wadogo zetu wamesoma, watoto wamesoma, wifi naye ameitikia amina. Basi usiniambie mambo ya ndani hayaanikwi nje. Kamba umeifunga wewe.

Na usinifundishe kuomba pamoja kana kwamba tulilelewa nyumba mbili. Sisi ni watu wa Kengeleni, pale Frere Town, Mombasa. Frere Town ilianzishwa na wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875 iwe makao ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mtu na lugha yake. Nyanya akituambia watu wale hawakuwa na ukoo tena, wakaupata kwa kupiga magoti pamoja. Adhana ya alfajiri ikilia kwa majirani, yeye naye keshaamka, anatuburura hadi mkekani na usingizi wetu. Zaburi ya 121, mstari mmoja kila mtu. Kisha kila mtoto anataja jambo la kushukuru. Wewe ulikuwa unashukuru kwa mahamri, na hakuna aliyekucheka. Baba Yetu, amina, haya shuleni. Muda wote ule sikumsikia Nyanya akimtaja mtu kwa ubaya mbele za Mungu, na makosa yetu aliyajua yote. Aliyekosa aliitwa jikoni baadaye, peke yake.

Kwa hiyo usiku ule wa matanga ya Mama sikuamini masikio yangu.

Watu walikuwa wamejaa hadi uani. Kina mama majirani, Waislamu waliotupikia na kutuliwaza tangu asubuhi, wamekaa barazani wameinamisha vichwa kwa heshima yetu. Ukasimama kuomba. Ulianza vizuri, Kaka, nami nililia kwa maneno yako ya mwanzo. Halafu sauti ikapanda. Ukamwambia Bwana kwamba anamjua aliyempandisha Mama presha, na kwamba yumo humu ndani. Ukataja pombe. Ukataja pesa za dawa. Macho umefumba, mikono umeinua, na kitinda mimba wetu amekaa kando ya kochi na miwani ya Mama mkononi.

Angekujibu vipi? Ungemsema mezani angejitetea. Ungemwita nje mngegombana, mkanyamaza, mkapatana. Lakini mtu akisemwa ndani ya maombi hana pa kushika, maana akifungua mdomo ataambiwa amemkatiza Mungu. Aliweka miwani juu ya meza polepole, akapita katikati ya wale kina mama, akatoka. Nawe ukaendelea hadi amina. Wengi waliitika. Mimi sikuitika, na hata leo siitiki.

Luka 18 umeihubiri mara nyingi kuliko mimi. Yule Mfarisayo alikuwa hekaluni kweli, alifunga kweli, zaka alitoa kweli, na katika sala yake akamtaja mtoza ushuru aliyekuwa humo humo hekaluni. Sijui huwa unaipitaje sehemu hiyo.

Nakupenda. Wewe ndiye uliyenilipia karo Baba aliposimamishwa kazi bandarini, na ndiye uliyenifundisha kushika Biblia bila kuikunja. Kwa sababu hiyo nakwambia mambo haya wakati wengine wanakuitikia tu.

Unataka familia ijifunze tena kuomba pamoja? Anza na fupi. Wape watoto nafasi ya kusema wenyewe, hata wakiombea paka. Mwenye neno na mwenzake amwendee kwanza, kama Bwana alivyoagiza kuhusu sadaka kwenye madhabahu. Na anayeongoza leo, kesho aongozwe. Hivi ndivyo tunavyofanya hapa kwangu Kisauni. Ukasema nimejitenga. Nimejitenga na nani, wakati kitinda mimba anakuja? Alikuja kwanza kula, akakaa mlangoni tukiomba. Sikumwambia apige magoti. Sikumuuliza ameacha au hajaacha. Binti yangu ndiye aliyempa Biblia asome, akasoma. Ningekualika wakati ule, asingekanyaga tena, na wewe unalijua hilo. Ningemchagua nani, Kaka? Mwenye nyumba kubwa na kanisa lake, au yule ambaye hana pengine pa kuombewa bila kuhukumiwa? Ningelazimika kuchagua tena, ningechagua vile vile.

Mama naye angenielewa. Ndiye aliyekuwa akimwekea chakula chini ya kawa, akirudi saa yoyote akikute.

Sasa harusi ya binti yako imekaribia na unataka sote tukusanyike tumwombee. Tukusanyike. Ni mtoto wetu, nami nimeshonesha nguo. Lakini tukutane kwangu, na atakayefungua kwa maombi ni kitinda mimba. Wewe utasoma Zaburi ile ile ya Nyanya, kisha utambariki binti yako kwa maneno yako ya baba.

Chakula ni saa saba, Jumapili baada ya ibada. Yeye huwa hapa tangu saa tano, ananisaidia kukuna nazi. Njoo saa hiyo, peke yako, umwambie unalopaswa kumwambia kabla hatujafumba macho.

Dada yako