Mwongozo wako wa Mji Mkongwe

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Rasimu ya mwongozo wako wa Mji Mkongwe, Zanzibar, nimeisoma yote. Inapendeza, ila mgeni wa kulala usiku mmoja hawezi vituo kumi na vinane. Mwachie sita, uvipange kwa saa, si kwa umaarufu.

Umeanzia soko la Darajani asubuhi ya kwanza. Boti ya kutoka Dar huchukua kama saa mbili, bado foleni ya vitambulisho na mizigo. Hata akipanda ya alfajiri, atakuta mnada wa samaki umekwisha na imebaki harufu. Soko lihamishie asubuhi ya pili. Siku ya kwanza aanze Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Hapo mpe saa nzima. Maonyesho yale ya utumwa hayasomwi mbiombio. Jua la mchana alikimbie, na kama ni Ijumaa mwambie kabisa kwamba maduka mengi hufungwa adhuhuri. Jioni Ngome Kongwe, kisha bustani ya Forodhani kwenye vyakula vya usiku.

Kisiwa cha Changuu, kwa wale kobe, ni karibu nusu saa kwenda kwa mashua, na nusu saa kurudi. Hiyo ni nusu siku imeliwa. Iandike kama badala ya kitu fulani, na ukitaje.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, umeandika "ingia ndani". Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020! Kila mlango unaoutaja, uliza kwanza kama uko wazi, na bei uandike mwezi ulioiulizia.

Maelekezo ya "mita 50 kisha kulia" yafute. Kuta ni ndefu, ramani ya simu hupotea vichochoroni kama mwenyewe. Tumia visivyohama: misikiti, minara ya kanisa, baraza ya kahawa ya Jaws Corner. Duka la vinyago leo lipo, kesho linauza simu. Mpe na neno la kujiokoa: akipotea aulizie Forodhani au Darajani.

Kuhusu chakula cha Forodhani, sifa umezijaza mno. Sema aulize bei kabla mshikaki haujawekwa sahani, na achague kinachopikwa mbele yake: urojo wa moto, zanzibar pizza, juisi ya miwa inayokamuliwa papo hapo. Pweza aliyekwisha kuchomwa na kupangwa mezani huenda ni wa jana.

Nitumie tena ukishapunguza, kabla ya Ramadhani, maana saa zote hizo za kula zitabadilika. Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura