Mnatufundisha biashara, kisha mnatunyang'anya mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wakuu wa vyuo vikuu, hasa wanaosimamia hosteli. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya biashara, hapa Dar es Salaam. Muhula huu tuna somo la ujasiriamali, na chumbani kwangu nina duka. Au tuseme nilikuwa nalo.

Duka lenyewe ni boksi moja chini ya kitanda: pedi, sabuni, dawa ya meno, kalamu, soksi. Mzigo naufuata Kariakoo, mtaa wa Kongo, Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa. Wateja ni wasichana wa ghorofa yetu. Geti hufungwa saa nne usiku, na aliyeishiwa pedi saa tano hana pa kwenda isipokuwa mlangoni kwangu. Wengine wanaona haya hata kubisha hodi, wananitumia ujumbe, nafungua mlango kidogo nampa paketi, anaondoka.

Mwezi uliopita matroni alipita kukagua, akalibeba boksi pamoja na daftari la madeni, na mimi nikapewa barua ya onyo: kufanya biashara hosteli ni kosa. Nimeomba nirudishiwe daftari tu, kabla bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, halijatoka, maana bila yale majina sina wa kumdai. Nimeambiwa nisubiri kikao cha nidhamu.

Wiki hiyohiyo kikundi chetu kiliwasilisha mpango wa biashara darasani. Tulikuwa wanane. Watatu tuliandika, mmoja alitoa hela ya kuprinti, waliobaki walileta majina na namba za usajili. Kwenye karatasi tulianzisha hoteli ya kitalii Nungwi, Zanzibar, na hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga Nungwi. Faida tuliipanga kwanza, halafu tukarudi nyuma kutafuta idadi ya wageni wa kuizaa. Mhadhiri alizisifu slaidi zetu na alama zilikuwa nzuri. Daftari langu, ambalo kila namba iliyomo ni ya kweli, limefungiwa kabatini kama kidhibiti.

Na lina mambo daftari hilo. Anayesoma kwa mkopo anajua maisha ya chuo yanavyolifuata bumu. Likitoka ni chipsi kuku na kusuka upya, na hata wadaiwa wanakuja wenyewe. Likikata, watu wanapiga pasi ndefu, mlo wa siku unaliwa saa kumi jioni, na kwangu ukurasa unajaa "nitakupa bumu likitoka". Darasani tumesoma madeni yasiyolipika na jinsi ya kuyatengea fungu kwa asilimia. Mimi nawajua kwa vyumba vyao. Anayesema "nipe siku mbili" hulipa. Anayeapa kwa jina la mama yake ndiye wa kumwogopa. Bumu likichelewa napunguza soksi naongeza sabuni, kwa kuwa soksi mtu ataivaa hata na tundu.

Mwishoni mwa 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Maana yake machinga ninayenunua kwake alitambuliwa. Mimi ninayesomea biashara, mauzo yangu hayafiki hata robo ya hayo, nasubiri kikao cha nidhamu. Nikimaliza chuo na kupata ajira, Bodi ya Mikopo itanikata asilimia 15 ya mshahara. Nasema nikipata, kwa sababu kaka na dada zetu waliotangulia bado wanazunguka na bahasha za kaki.

Hoja ya matroni naielewa. Hita na majiko ya umeme ni hatari, wanaopika vyumbani wazuiwe, na wageni wasiojulikana wasipande ghorofani kwa kisingizio cha kununua. Lakini sabuni haijawahi kuunguza jengo.

Napendekeza hivi. Chini ya hosteli yetu kuna chumba cha televisheni ambacho siku zisizo na mechi hakina watu. Kiwe soko kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Muuzaji ajiandikishe kwa matroni, alipe ada ndogo kwa mwezi, na akaguliwe wakati wowote. Mhadhiri wa ujasiriamali naye apokee daftari la mauzo ya muhula mzima, pamoja na risiti za Kariakoo, badala ya hoteli za Nungwi. Atakayepata hasara asikatwe alama, ilimradi aoneshe hasara imeingilia wapi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
(Jina limehifadhiwa),
Dar es Salaam.