Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto: wazee wa matuta wasikilizwe wangali hai

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Mlalo. Leo sikuandikii habari za barabara wala bei ya kabichi. Hizo unazisikia kila kikao. Nakuandikia kuhusu wazee wetu walioyaona matuta ya kuzuia mmomonyoko, yale ya kulazimishwa enzi za Waingereza.

Mgeni akipanda kutoka Mombo huambiwa kwamba Lushoto iliitwa Wilhelmsthal enzi za Wajerumani, hupelekwa Irente kupiga picha, kisha huyo anashuka. Wajerumani wamesimuliwa vya kutosha. Lakini mpango wa Waingereza wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioanzia hapa Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa Usambara katika miaka ya 1950, nani anausimulia? Nao ndio ulioingia hadi shambani. Watu waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko, malisho yakawekewa masharti, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi akina mama.

Serikali ya kikoloni iliona ukaidi. Mimi naona waliokaidi walikuwa na hoja ya kikulima: shamba la Msambaa lilichanganya migomba, mahindi na maharage, udongo ukapata kivuli, na matuta yalitaka kazi nyingi mno kwa mavuno yasiyoonekana kuongezeka. Hasira hiyo ndiyo iliyoipa TANU wafuasi milimani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 amri ile ikaachwa. Linganisha na majani ya guatemala tuliyopanda kwenye makingamaji miaka ya 1980: hayo yalipokewa vizuri zaidi, maana ng'ombe wa zizini waliyala. (Udongo, hata hivyo, bado unashuka kila masika, nisije nikaonekana naupuuza.)

Aliyekuwa kijana wakati ule sasa amepita miaka themanini. Ombi langu ni moja. Waagize watendaji wa vijiji, wakishirikiana na walimu, waorodheshe wazee hao na kurekodi masimulizi yao kwa Kishambaa, kwa simu tu inatosha, akina mama wakitangulia. Nakala ziwekwe katika shule za sekondari. Na afisa ugani mpya akiripoti kazini, asikilize japo masimulizi matatu kabla ya kwenda kumwelekeza mtu namna ya kulima mteremko wake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa Mlalo