Risala ya kikundi chetu cha waliopandikizwa figo kwa mgeni rasmi, Siku ya Figo Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, manesi na nyie ndugu zetu mliotuchangia figo, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa sisi ni watu wa kumeza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku maisha yote, alamu ya simu ikilia katikati ya risala usishangae, ni takrolimasi hiyo, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Tunashukuru mno tangu Muhimbili waanze kupandikiza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wakafuata 2018, maana zamani ilikuwa India tu na wangapi walikuwa na hiyo nauli.

Sasa kilio chetu. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo kimyakimya, huumwi, hujavimba, mkojo unatoka vizuri tu, na kreatinini, ile taka ya kwenye damu tunayoitegemea kupima kazi ya figo, mara nyingi inapanda figo ikiwa imeshaumia. Kuhakikisha ndo uchomwe sindano wanyofoe kinyama cha figo wakapime, na hiyo saa nyingine inaleta kuvuja damu, nani anaikimbilia?

Kumbe DNA ya mchangiaji inaonekana kwenye damu yako! Hong Kong waliliona hilo tangu 1998, wamama waliopewa viungo na wanaume wakakutwa na DNA ya kiume kwenye damu. Figo ikishambuliwa seli zake zinakufa DNA inamwagika zaidi, na Marekani sasa hivi wanachukua damu ya mkononi tu, DNA ya mchangiaji ikizidi kama asilimia 1 ya DNA yote inayoelea kwenye damu wanashtuka. Haiondoi sindano moja kwa moja, inaweza hata kukosea, ila inasaidia kujua nani achomwe na nani aachwe apumzike.

Tunaomba mtuanzishie safari ya hicho kipimo na bima ikitambue, ila kwa leo tunaanza na la karibu. Kiwango cha takrolimasi kwenye damu kinapimwa kabla hujameza dozi ya asubuhi, basi mtu anatoka Kibaha usiku, dozi mfukoni, anakaa benchi mpaka saa nne ndo anaambiwa vitendanishi, zile kemikali za maabara za kupimia, vimeisha njoo wiki ijayo, dozi nayo imeshachelewa masaa mawili. Mheshimiwa, vitendanishi visikatike, na vikikatika tutumiwe meseji jana yake tumeze dawa zetu nyumbani kwa wakati.

Tunaomba kuwasilisha.