Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tunaomba timu, daktari mmoja hatoshi

Mganga Mkuu mwangaluka, na shikamoo kama umenizidi umri.

Nakuandikia kuhusu zahanati ya kwetu huku mwaloni, wanakoshushia samaki, upande wa Ilemela, jina naliacha maana tabibu wetu, ambaye si daktari kamili, hana kosa, yuko peke yake tu. Juzi nimempeleka mama, ana presha na sukari, tumekaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi namwangalia yule dada tabibu, anaandika mgonjwa, anampima, anafunga chumba anaenda dirishani kumhesabia vidonge, anarudi, hajakaa vizuri anaitwa kuna mama mjamzito, na hapo bado vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, vinamsubiri jioni. Saa sita ndio mama kapimwa, dakika mbili, imeandikwa kwenye daftari lake la shule basi. Wengine wala hawasubiri, wanapanda daladala mpaka Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda nzima jamani, kwenda kupima presha!

Sasa kila mkutano wa mtaa tunalilia daktari, na mi nilikuwa mmoja wao. Ila hata akija kesho si ataishia kuhesabu vidonge na yeye? Tupe timu. Nesi wa presha na sukari awe na wagonjwa wake anaowajua kwa majina, mkunga awe mkunga, dawa ziwe na mtu wake, maabara hata ya malaria na kichocho tu, tabibu abaki na wale wagumu, na daktari wa kituo cha afya azungukie zahanati siku inayojulikana, siku zingine apokee simu. Brazil walianza hivyo 1994, daktari, nesi na wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba, timu moja na familia zake. Na sisi wahudumu ngazi ya jamii tunao, mpango ulizinduliwa Januari 2024, lengo 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wa huku kwetu wakae meza moja na zahanati na posho yao ifike.

Maana hao ndio wangekwambia kwamba wavuvi wa dagaa kwenye giza wanakesha ziwani, zahanati inafunguliwa wao ndio wanalala, wakiamka imefungwa, na kichocho wanacho. Mbalamwezi ndio wako nchi kavu wanashona nyavu. Siku za kuwapima na kuwapa dawa ziwekwe hapo, nani mjini angejua hilo?

Najua utasema ajira ziko TAMISEMI, mara vibali. Sawa. Lakini ratiba ya daktari kuzungukia mialo miwili mitatu ya kuanzia nayo inasubiri kibali?

Mama kaambiwa arudi tarehe 14. Saa moja tutakuwa pale kwenye benchi, ukipita utatukuta.

Mkazi wa mwaloni, Ilemela